Kingo zimepakwa rangi, lakini mtoto anajua kuvuka?

Mtoto aliyezaliwa na kukulia Kisiwa cha Rukuba, ndani ya Ziwa Victoria, anajua mambo ambayo mtoto wa Musoma mjini hayajui. Anajua upepo ukibadilika ziwa linakuwaje. Anajua kukaa katikati ya mtumbwi bila kuinuka ovyo. Anaitambua boti kwa mlio wa injini kabla hajaiona.

Asichokizoea ni barabara ya lami. Kisiwani watu wanatembea kwa miguu, wanavua, wanapanda mitumbwi, na magari si sehemu ya maisha ya kila siku. Lakini siku inafika mtoto huyo analetwa mjini kutibiwa, kusoma au kumsalimia shangazi yake. Akishuka kwenye boti anakutana na bodaboda, bajaji, michomoko na malori. Anakuta pia mawe ya kingo za barabara yamepakwa rangi nyeusi na nyeupe, na mistari myeupe imekatiza lami.

Kwa dereva hizo ni alama. Kwa mtoto ambaye hakuna aliyemweleza, hayo ni mapambo tu.

Hapo ndipo penye swali linalowahusu wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama, wenye watoto wanaopita kando ya barabara kila siku kwenda shule. Kwenye vikao vya wazazi, usalama wa barabarani ukitajwa, pendekezo la haraka huwa ni rangi: michango ikusanywe, kingo zipakwe, mawe ya njia ya kuingia shuleni yapakwe. Rangi ni rahisi, inaonekana, na kazi inaisha siku moja. Je, rangi hiyo inamlinda mtoto?

Rangi inafanya kazi gani

Kingo za barabara hupakwa nyeusi na nyeupe kwa sababu moja kubwa: rangi hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaonekana haraka. Nyeupe inaonekana juu ya lami, nyeusi inaonekana mahali penye udongo mkavu uliofifia. Dereva anayekuja jioni, au kwenye mvua, anaona barabara inaishia wapi, kona inaanzia wapi, na kisiwa cha katikati kiko wapi.

Kwa hiyo rangi ya kingo inazungumza na dereva. Inamwambia, "hapa ndipo mwisho wa njia yako." Haimwambii apunguze mwendo na haiwezi kumzuia akitoka nje ya njia. Jiwe la kingo lenyewe halifiki kimo cha goti la mtoto. Gari linalokwenda taratibu linaweza kugonga jiwe hilo likarudi barabarani, lakini lori lililokolea mwendo linalipanda.

Jambo la pili ni usiku. Rangi ya kawaida ya dukani, hata ikiwa mpya, hairudishi mwanga wa taa za gari vya kutosha. Mistari ya barabara kuu inayong'aa usiku imewekwa shanga ndogo sana za kioo juu ya rangi, na hizo ndizo zinazourudisha mwanga machoni kwa dereva. Kingo zilizopakwa kwa brashi na rangi ya kopo hazina shanga hizo. Mtoto anayerudi kutoka dukani saa moja jioni asihesabu kwamba kingo zinazoonekana vizuri mchana zitamsaidia giza likiingia.

Jambo la tatu ni muda. Chokaa, ambayo ndiyo nafuu kuliko zote, huoshwa na mvua za msimu mmoja. Rangi ya mafuta hukaa zaidi, lakini nayo hufunikwa na vumbi na moshi wa magari. Ndiyo maana wananchi wengi wana utani wao: ukiona mawe ya barabarani yanapakwa rangi, ujue kuna msafara wa kiongozi au Mwenge unakaribia. Utani huo una ukweli unaouma. Rangi inayopakwa kwa ajili ya mgeni hupauka mgeni akishaondoka, na mtoto wa shule anapita hapo mwaka mzima.

Kila nchi na rangi yake

Duniani hakuna lugha moja ya rangi za kingo. Kenya na India, kama Tanzania, hutumia sana nyeusi na nyeupe. Mahali pengine rangi ya ukingo ni sheria ya maegesho. Katika jimbo la California, Marekani, ukingo mwekundu maana yake usisimame, wa njano ni wa kupakia na kushusha mizigo, mweupe ni wa kushusha abiria, wa kijani ni wa kuegesha kwa muda mfupi, na wa bluu ni wa watu wenye ulemavu.

Abu Dhabi, ambako Waafrika Mashariki wengi wanafanya kazi, kingo za feruzi na nyeusi ni za maegesho ya kawaida ya kulipia, feruzi na nyeupe ni maegesho ya bei ya juu, na njano na kijivu maana yake hakuna kuegesha. Mtu anayetoka Musoma akifika huko na kudhani rangi ni urembo atajifunza kwa kulipa faini.

Vile vyuma virefu vya pembeni, vinavyowekwa kwenye madaraja na kona zenye bonde, navyo vina habari zake. Nchi nyingi za Ulaya huviacha bila rangi kabisa. Chuma hupakwa madini ya zinki kiwandani, na zinki hiyo inakizuia kushika kutu kwa miaka mingi, hivyo kupaka rangi juu yake ni gharama ya bure. Japani walizoea kuvipaka vyeupe, lakini mkoa wa Yamaguchi ulivipaka rangi ya chungwa mwaka 1963, ulipokuwa mwenyeji wa michezo ya taifa, kwa heshima ya tunda la jamii ya machungwa linalolimwa huko. Mpaka leo ukiona vyuma vya rangi hiyo unajua uko Yamaguchi. Mwaka 2004 serikali ya Japani ilitoa mwongozo wa kupendekeza rangi za kahawia na kijivu, ili vyuma visiharibu sura ya mandhari.

Ireland Kaskazini ukingo wa barabara unaweza hata kukuambia uko mtaa wa nani. Wanaotaka kubaki chini ya Uingereza wamepaka nyekundu, nyeupe na bluu. Wanaotaka Ireland moja wamepaka kijani, nyeupe na chungwa.

Hapa nyumbani nako kuna rangi ya barabarani ambayo kila mtu anaielewa bila kufundishwa: alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara. Hakuna mwenye nyumba anayeuliza maana yake. Anaijua kwa sababu nyuma ya ile rangi kuna sheria na kuna mtu atakayekuja kuitekeleza.

Funzo ni hilo. Rangi inakuwa na nguvu pale tu ambapo watu wote wanajua maana yake na kuna kitu kinachoisimamia. Bila hayo mawili, inabaki kuwa rangi.

Somo la Uingereza, 1939

Kuna wakati rangi za kingo zilijaribiwa kwa kiwango kikubwa sana. Septemba 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, serikali ya Uingereza iliamuru taa zote za mitaani zizimwe usiku ili ndege za adui zisione miji. Magari nayo yalilazimika kufunika taa zake. Matokeo yake, vifo vya barabarani vilikaribia kuongezeka maradufu ndani ya mwezi huo wa kwanza, na wengi waliokufa walikuwa watembea kwa miguu.

Jibu la haraka lilikuwa rangi. Kingo za barabara, nguzo za taa, mashina ya miti na ncha za magari vilipakwa nyeupe nchi nzima. Rangi ilisaidia watu kuona njia, lakini haikutosha. Ndipo Februari 1940 mwendo wa usiku mijini ukashushwa hadi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32.

Nchi iliyokuwa vitani, iliyopaka kila kitu kilichopakika, bado ilifikia uamuzi kwamba lazima magari yapunguze mwendo. Mzazi wa Bunda, ambako barabara kuu ya Mwanza, Musoma na Sirari inakatiza katikati ya mji, anaweza kuichukua hesabu hiyo ilivyo.

Kinachomuokoa mtoto ni mwendo wa gari

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema watu milioni 1.19 hivi hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali ndiyo sababu inayoongoza kwa vifo. Inazidi malaria, UKIMWI na kifua kikuu katika umri huo. Zaidi ya nusu ya wote wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi Tanzania, linakula mita 14 kila sekunde. Kabla dereva hajatambua kwamba yule ni mtoto na mguu wake haujafika kwenye breki, sekunde moja imeshapita. Likiwa kilomita 80, sekunde hiyo ni mita 22. Likiwa kilomita 30, ni mita 8 tu. Wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, WHO inasema, hatari ya ajali yenye kuua inapanda kwa asilimia 4 hivi. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, Februari 2020 ulitaka kilomita 30 iwe ndiyo mwisho mahali watu na magari wanapochanganyika.

Mtoto naye ana mipaka yake, na si kwamba ni mtundu au mkaidi. Kimo chake kinafichwa na gari lililoegeshwa. Masikio yake bado hayajui vizuri sauti inatoka upande gani. Mpaka kwenye miaka 9 au 10, watoto wengi hawawezi kukadiria gari la mbali litafika baada ya muda gani. Anaona gari liko mbali, anadhani mbali maana yake salama.

Kwa hiyo swali la kamati ya shule linapaswa kugeuka. Badala ya kuuliza "tupake rangi gani", waulize "dereva atalazimika kufanya nini akifika hapa?"

Tanzania ina mfano wake, na dunia imeuona. Dar es Salaam, shirika la Amend lilianza mwaka 2012 mpango uitwao SARSAI. Wataalamu walikwenda kwenye shule zilizokuwa na watoto wengi wanaoumia, wakatembea njia wanazopita watoto, wakaangalia wanavukia wapi na wanagongwa wapi. Kisha yakajengwa mambo madogo: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda kwenye njia hizo. Kuna shule ambazo geti lilihamishwa kutoka barabara kubwa kwenda barabara ya pembeni.

Kwenye maeneo hayo majeruhi walipungua kwa asilimia 26 hivi, na mwendo wa magari ulishuka, mahali pengine hadi kwa asilimia 60. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center yenye zawadi ya Dola 250,000 za Marekani.

Rangi ilikuwepo kwenye kazi hiyo, lakini ilipakwa juu ya kitu. Zebra ilikuwa na tuta kabla yake au chini yake. Dereva asiyejali mistari myeupe anajali springi za gari lake.

Zebra ya kujipakia ni mtego

Kuna jambo wazazi wenye nia njema wanapaswa kuliepuka, nalo ni kuchukua kopo na kupaka zebra wenyewe mbele ya shule. Zebra halali huwekwa na mamlaka ya barabara, kwa vipimo, pamoja na vibao vinavyomtahadharisha dereva kabla hajafika. Mahali hapo sheria inamtaka dereva ampishe anayevuka. Zebra isiyo na kibao wala tuta, iliyopakwa baada ya kona, inamdanganya mtoto peke yake. Mtoto anaamini gari litasimama, na dereva hajui kama kuna kitu.

Hali ni hiyo hiyo kwa matuta ya kujitengenezea kwa mawe na udongo. Usiku yanaangusha bodaboda, na mwenye bodaboda mara nyingi amebeba mtoto wa mtu.

Nani anashika brashi?

Hata pale rangi inapofaa, kuna suala la afya ambalo halizungumzwi kwenye vikao: nani anapaka, na anapaka nini.

Shule nyingi nchini zina mawe yaliyopangwa kando ya njia na kuzunguka mlingoti wa bendera, na wanaoyapaka chokaa ni wanafunzi. Kwa wengi hiyo ni sehemu ya usafi wa mazingira. Lakini chokaa si unga wa mhogo. Ikichanganywa na maji inaunguza. Kwenye ngozi huleta ukavu na vidonda, na ikiingia jichoni inaweza kuunguza kioo cha jicho na kumwachia mtoto uoni hafifu au upofu. Chokaa mbichi, ile ambayo haijazimwa, ni hatari zaidi kwa sababu inachemka ikikutana na maji.

Kazi ya kuchanganya na kupaka chokaa ni ya mtu mzima aliyevaa glavu na miwani ya kukinga macho. Ikitokea mtoto ameingiwa na chokaa jichoni, fanyeni haya bila kuchelewa:

Kwanza, mpangusie unga mkavu usoni kwa kitambaa kabla ya kumwaga maji. Pili, fungua kope zake na umiminie maji safi jichoni mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, hata kama analia na kukataa. Kichwa kiinamie upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie la pili. Tatu, usiweke maziwa ya mama, asali, mafuta wala dawa ya jicho iliyobaki nyumbani. Nne, mpeleke kituo cha afya hata kama anasema maumivu yameisha.

Kwa wazazi wa Rukuba hatua ya pili ndiyo ya kuishika zaidi, kwa sababu kati yao na hospitali kuna maji. Zile dakika za kwanza za kuosha jicho ndizo zinazoamua, na hazingojei boti. Oshea pale pale kwa maji safi yaliyopo, ndipo mtafute usafiri.

Rangi ya mafuta ina hatari nyingine, isiyoonekana: madini ya risasi. Kwa miaka mingi viwanda duniani vimetumia madini hayo kuipa rangi uimara na mng'ao, hasa rangi ya njano, nyekundu na ya chungwa. Rangi ya njano ya mistari ya barabarani imekuwa ikitengenezwa kwa mchanganyiko wa risasi na kromiamu hata katika nchi tajiri. Umoja wa Ulaya uliweka Mei 2015 kuwa mwisho wa kutumia mchanganyiko huo bila kibali maalumu, na kibali kilichotolewa baadaye kwa kampuni moja kilifutwa na mahakama ya umoja huo mwaka 2019 baada ya Sweden kushitaki. Hapa Tanzania, shirika la AGENDA la Dar es Salaam limepima rangi za mafuta zinazouzwa madukani kwa nyakati tofauti, na baadhi zilikutwa na risasi nyingi, zile za rangi kali zikiongoza.

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza vumbi lenye risasi, mwili wake unafyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Inaathiri ubongo unaokua: uelewa darasani unashuka, utulivu unapungua. Hakuna homa wala kikohozi cha kumshtua mzazi. Mtoto anaonekana mzito tu wa kusoma, na anaweza kuchapwa kwa kosa lisilo lake.

Sasa fikiria ukingo wa barabara mbele ya shule, ulipakwa njano miaka kadhaa iliyopita, rangi inabanduka. Watoto wanaukalia wakisubiri wenzao, wanabandua maganda kwa kucha, kisha wananunua maandazi na kula kwa mikono hiyo hiyo. Hatua za kuchukua si ngumu. Kabla ya kununua rangi ya shuleni, tafuta kopo lenye alama ya TBS na maandishi kwamba haina risasi. Ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake ndilo baya. Ilowanishwe kwanza, na watoto wasiwepo. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Rangi iliyobaki isiishie kupakwa kwenye vitanda vya watoto na madawati.

Vyuma vya darajani si benchi

Kwenye madaraja, kama la Kirumi linalovuka Mto Mara, na kwenye kona zenye bonde, vile vyuma vya pembeni vimewekwa kulizuia gari lisitumbukie. Gari likivigonga vinajikunja na kulirudisha barabarani. Maana yake ni kwamba mtu aliyekaa juu yake au aliyesimama mbele yake ndiye anayebanwa katikati. Vijana wanaopenda kuvikalia jioni wakipiga soga waambiwe hivyo bila kumung'unya maneno. Mtoto anayetembea, kama nyuma ya chuma kuna njia salama, apite nyuma yake.

Kuna na wale wanaovifungua na kuviuza kama chuma chakavu. Hasara haiishii kwa serikali. Kipande kilichong'olewa kinaacha ncha kali na pengo mahali palipojulikana tangu awali kuwa pa hatari, na basi litakalopita hapo linaweza kuwa na ndugu wa mwizi mwenyewe. Anayeona jambo hilo amwambie mwenyekiti wa mtaa au polisi.

Mfundishe kabla hajashuka kwenye boti

Mtoto wa kisiwani, au wa kijiji kisicho na lami, afundishwe barabara kabla hajaiona. Mchanga wa ufukweni unatosha. Mzazi achore barabara kwa kijiti, aweke mawe pembeni kama kingo, achore zebra, kisha wacheze: mmoja gari, mmoja mtembea kwa miguu. Mambo ya kumkazia ni haya.

Asimame kabla ya ukingo, asisimame juu yake. Aangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa sababu kwetu magari hupita kushoto na la kwanza kumfikia linatoka kulia. Avuke akitembea, asikimbie, na akishaanza asirudi nyuma. Hata kwenye zebra, asubiri gari lisimame kabisa, na kama kuna njia mbili za magari, aangalie kama la pili nalo limesimama. Asivukie mbele ya daladala aliyoshuka, aisubiri iondoke. Pasipo na njia ya miguu, atembee upande wa kulia akitazamana na magari yanayokuja.

Na aliye chini ya miaka 10 ashikwe mkono na mtu mzima. Si na dada yake wa miaka 8. Ashikwe kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu vidole vyenye jasho vinachomoka.

Jioni avae nguo ya rangi iliyokolea mwanga, au abandikwe utepe unaong'aa kwenye begi. Utepe huo ukiwa mgongoni kwa mtoto unaonekana kwa dereva kuliko mita nyingi za ukingo uliopakwa chokaa.

Kamati ya shule ifanye nini

Kabla ya kuchangisha fedha za rangi, wazazi wachache wasimame barabarani mbele ya shule asubuhi na jioni kwa siku tatu. Waandike watoto wanavukia wapi hasa, magari yanatoka upande gani kwa kasi, na ni wapi gari au kibanda kinawaficha watoto. Waulize walimu na watu wa bodaboda ni wapi pameshawahi kutokea ajali.

Maandishi hayo yapelekwe kwa barua kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kwenda Sirari au ile ya Makutano kwenda Butiama, ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA. Barua iombe vitu kwa majina: tuta au rasta, kibao cha shule, zebra halali, njia ya miguu. Nakala iende kwa polisi wa usalama barabarani. Na kama shule ina uzio unaopakana na barabara mbili, mjadala wa kwanza uwe wa geti: likihamishiwa barabara ndogo, watoto wanaepushwa na hatari bila kungoja bajeti ya mtu mwingine.

Wakati barua inasubiri majibu, wazazi wanaweza kupangiana zamu ya mtu mzima wa kuwavusha watoto asubuhi na wakati wa kutoka. Michango iliyokuwa ya rangi inunue vizibao vinavyong'aa vya hao wa zamu, na kibao cha mkononi chenye neno SIMAMA. Ikibaki, ndipo kopo la rangi nyeupe isiyo na risasi linunuliwe, na apewe mtu mzima apake kingo.